Betri ya nyuma haikuwa ikijaa: nilivyotibu HiAce yangu ya kulala safarini

Gari ni HiAce ya dizeli ya zamani, niliyoitia kitanda, taa na friji ndogo ya volti 12. Betri ya nyuma, inayolisha friji na taa, ilikuwa mpya, lakini hata baada ya kuendesha kutoka Nairobi hadi Voi, friji ilizima usiku. Fundi mmoja alinishauri ninunue altaneta nyingine, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka. Nikapima kwanza.

Injini ikiwaka, altaneta ilitoa volti 14.2. Kwenye betri ya nyuma zilifika 13.1 tu. Basi altaneta ni nzima, umeme unapotelea njiani. Nikawasha friji na taa zote, kwa sababu waya usiobeba mzigo hauonyeshi udhaifu wake. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri ya nyuma, nyingine kwenye bodi ya injini: volti 0.7 zinapotea! Upande wa chanya ulipoteza 0.4.

Waya wa hasi ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu. Nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza bolti, nikapaka grisi juu kuzuia unyevu. Waya wa chanya unaounganisha betri ya injini na ya nyuma, mwembamba mno kwa urefu ule, niliubadilisha kwa wa milimita 16 za mraba, na fyuzi karibu na kila betri. Tafadhali usiweke fyuzi moja tu: waya huo unapata umeme kutoka pande zote mbili, na ukichubuka katikati unaweza kuteketeza gari kwa moto.

Sasa betri ya nyuma inapata 14.0, na friji inafanya kazi hadi asubuhi.