"Nyie si mtahama": nilivyopata kazi ya kwanza ya unesi nikiwa mke wa askari

Naandika nimekaa juu ya gunia la nguo maana kitanda tumeshakifungua, kwa hiyo mambo yakichanganyika mnisamehe. Kuna binti mmoja, mumewe yuko na mzee wangu, yaani mume wangu, kwenye kikosi kimoja, kamaliza unesi juzi tu na kaniuliza dada wewe ulianzaje, nikamwambia ngoja nitakuandikia, hiyo story haiishi pale bombani.

Mimi ni nesi wa cheti, ile ya miaka miwili na nusu, wakati wetu ulikuwa unafanya mtihani wa UNMEB, ile bodi ya mitihani ya manesi na wakunga, ukipita unaenda Kampala kwa baraza la manesi na wakunga wanakuandikisha na kukupa leseni. Kwetu Arua, hapa hapa Uganda. Mzee wangu ni Mteso mimi Mlugbara, tukaonana kwa Kiswahili, tukaoana kwa Kiswahili, na watoto wamezaliwa kambini hata wakipigana wanatukanana kwa Kiswahili. Nilimaliza shule tukiwa kambi ya Bombo, na kabla sijapeleka hata karatasi moja mahali popote mzee akapewa uhamisho, mwezi wa 5, 2022, tukaenda Mubende.

Kota tuliyopata ni ile ya mabati, mnaijua, mama ingia pole, mlango mfupi mpaka uiname. Saa sita mchana humo ndani hata mshumaa unalala. Vyeti vyangu nilikuwa nimeviweka kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nikavining'iniza kwenye msumari maana chini mvua inapita, na kila asubuhi naviangalia pale juu kama kalenda.

Kutafuta kazi nikaanza na ya serikali. Ile ni bahati nasibu, tume ya wilaya ikitangaza nafasi mbili mnajaa uwanja mzima na wengine wamekuja na kina anko zao. Pia wanataka barua ya LC1, yaani baraza la kijiji. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kilicho karibu na kambi, mzee wa watu akanitazama akaniambia mama sikujui, wewe ni wa jeshi, nenda jeshi wakuandikie. Nikarudi kambini wakaniambia hiyo barua ni ya raia, nenda kwa LC. Nilitembea hivyo siku tatu! Mwisho yule mwenyekiti aliniandikia kwa huruma tu, alinikuta nimekaa chini ya mwembe wake mara ya nne.

Nikageukia kliniki za watu binafsi. Nilipeleka karatasi sehemu kumi na moja, kwa miguu, mtoto mgongoni. Intavyu nyingi hazifiki hata kwa unesi wenyewe. Swali la kwanza umeolewa, la pili mume anafanya kazi gani. Nikisema askari, naona mtu anafunga faili polepole. "Nyie si mtahama." Mwingine aliniambia kabisa, nikufundishe miezi sita halafu lori lije likubebe na masufuria yako? Na haki siwezi kusema alikosea, lori huwa linakuja kweli.

Basi nikawa mjanja. Sehemu moja nikasema mume wangu ni fundi wa kujenga. Wakanipenda, wakaniambia njoo Jumatatu. Jumatatu nimefika nimepiga pasi yunifomu mpaka inasimama yenyewe, nimekaa pale mapokezi, akaingia mama mmoja wa kota kaleta mtoto ana kikohozi, kaniona kapaza sauti, "Heee, mke wa afande! Kumbe uko huku?" Banange. Mwenye kliniki akaniangalia tu hakusema kitu, jioni akasema nafasi imejaa. Mpaka leo yule mama hajui alichofanya na mimi sijawahi kumwambia.

Kitu kingine ni lugha. Mubende wagonjwa wengi wanaongea Luganda na Lunyoro. Luganda yangu ilikuwa ya sokoni, ya kununua nyanya. Kiswahili ninacho lakini jamani upande ule ukimwambia mtu mzima "mama keti hapa" unaona mabega yanapanda. Kwao Kiswahili ni lugha ya rodibloku, vizuizi vya askari barabarani, ya kuambiwa lala chini, tangu enzi za Amin, na wengine watakwambia ni lugha ya wezi. Bibi mmoja nilimsalimia shikamoo akakumbatia mkoba wake. Nilicheka lakini iliniuma, maana kwangu mimi hii ni lugha ya nyumbani, ndiyo nabembelezea watoto. Nikaanza kukariri, olumwa wa, unaumwa wapi, omusujja ni homa, okusesema ni kutapika, naandika kwenye kiganja kama mtoto wa shule.

Mwezi wa 8 mzee akachukuliwa Congo, kule kwenye operesheni Shujaa, ya jeshi letu dhidi ya waasi wa ADF. Nikabaki na watoto wawili na kaveera la vyeti.

Halafu tarehe 20 mwezi wa 9 wakatangaza Ebola. Kijana wa miaka 24 kutoka Madudu alikuwa amefia hospitali ya rufaa, pale pale Mubende. Ilikuwa aina ya Sudan, na chanjo ile iliyotumika Congo ni ya aina ya Zaire, kwa hii haifai, kwa hiyo hakukuwa na chanjo. Na kinachotisha nesi ni kwamba inavyoanza haina alama usoni, ni homa, kichwa, mwili kuuma, kutapika, yaani malaria ile ile unayoiona kila siku. Watu wa afya waliingia kuhudumia homa ya kawaida wakaambukizwa, na wengine wakafa. Tarehe 15 mwezi wa 10 Rais akafunga Mubende na Kassanda, hakuna kutoka hakuna kuingia, boda hakuna, baa na makanisa na misikiti kufungwa, kafyu kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Siku chache baadaye simu ikalia, namba nisiyoijua. Ni mwenye kliniki, mmoja wa wale kumi na moja, yule wa lori na masufuria. Nesi wake mmoja alikuwa ameondoka kwenda kwao kabla njia hazijafungwa, na mimi simlaumu, alikuwa na mimba.

"Bado uko Mubende?"

"Niko."

"Hamhami?"

Nikamwambia sebo, yaani bwana, tuhame tupite wapi?

Akacheka, nikacheka, akasema kesho njoo uonane na sista.

Mama yangu alipiga kutoka Arua, akasema mwanangu watu wanakimbia moto wewe unaukimbilia na kuni? Mzee nilimpata kwa simu baada ya siku mbili, mtandao wa kule porini, akanyamaza mpaka nikadhani imekatika, akauliza tu, watoto watabaki na nani. Nikamwambia Mama Junior, jirani yetu wa kota. Akasema sawa, lakini ukirudi uoge kabla hujawagusa. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa.

Sista mwenyewe, yule inchaji, msimamizi wa manesi, alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Hakuniuliza mume. Alinipa kichupa cha artesunate, dawa ya sindano ya malaria kali, akaniambia changanya, mtoto ana kilo 12. Mikono inatetemeka lakini hiyo niliijua. Kichupa cha miligramu 60, unaingiza ile bikaboneti mililita 1, unatikisa mpaka dawa iwe angavu kama maji, ndipo unaongeza maji ya chumvi mililita 5 kama unapitisha kwenye mshipa, kila mililita inakuwa na miligramu 10. Mtoto chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, sio 2.4 ya wakubwa. Nikapiga hesabu, miligramu 36, nikasema kwa sauti ya mtahiniwa, mililita 3.6. Akaniuliza, na utaizungusha kwenda wapi? Nikakwama. Akasema juu, unampa mililita 4. Halafu na dozi nyingine saa ngapi? Nikasema baada ya saa 12, halafu ya 24. Akanipa aproni. Mshahara laki mbili na chakula cha mchana, nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Boda hazipo, kwa hiyo ni mguu, kama dakika arobaini kutoka kambini. Ukiwa wa usiku lazima ufike kabla ya saa moja maana kafyu. Kuna jioni nilichelewa doria ikanisimamisha, vijana wadogo, wakali, wewe mama unatoka wapi. Nikawajibu Kiswahili chetu cha kambini, mara sauti ikashuka, "pita mama, haraka." Lugha ile ile ya kumtisha bibi wa watu ndiyo ilinivusha.

Kazi yenyewe wiki za kwanza ilikuwa mlangoni. Jiki ya kuua vijidudu, ndoo, kipima joto, jina, kijiji, umehudhuria mazishi? Harufu ya jiki iliingia mpaka kwenye posho, yaani ugali, watoto wakasema mama unanuka kama choo cha shule. Mgonjwa mwenye homa unamuuliza maswali kwa mbali huku moyo unapiga, ukishuku unaita watu wa wilaya, humgusi. Namshukuru Mungu mimi sikukutana nayo. Kilichonichosha zaidi ni kota. Nikifika bombani akina mama wanasogea, ndoo zao wanazivuta, na watoto wangu wakaambiwa "chezeeni kwenu". Mama Junior peke yake hakubadilika, alisema kama ni kufa tulishaanza siku tulipoolewa na wanajeshi.

Ebola ikaja kutangazwa imeisha tarehe 11 mwezi wa 1, 2023, waliothibitishwa 142, kati yao 55 wamekufa. Mimi nilidhani yule nesi atarudi nitolewe. Alijifungua salama, hakurudi. Nikabaki. Na wale wale wa bombani wakaanza kunibishia hodi saa tano usiku, mtoto ana joto, dada tusaidie.

Sasa wewe binti uliyeniuliza. Peleka karatasi kwa mkono, hata wanaokukataa waachie kopi yenye namba ya simu, mimi ile kopi ilikaa kwenye droo miezi mitatu ndiyo ikaniita. Leseni uihuishe mapema, usingoje uhamisho, maana nauli ya Kampala ukiwa umetupwa mbali ni hela ya mwezi. Na la mume, sema tu. Wakikataa wakatae wanajua.

Mimi lori limekuja. Tunaenda Moroto, kule Karamoja. Sista ameniandikia barua nzuri, ameandika mwaka mmoja na miezi minne, na tangazo nililoliona wanataka uzoefu wa miaka miwili, hahaha. Mzee anasema Kikarimojong kinaingiliana na lugha ya kwao kwa hiyo jioni ananifundisha, tumeanza na ejoka, ile salamu. Kiganja kimeshajaa wino.