Vigelegele vya Djurdjura

Jumamosi, usiku

Wiki hii nimeshinda na muziki wa Wakabyle, watu wa jamii ya Waamazigh, wenyeji wa asili wa Afrika Kaskazini, wanaoishi kwenye milima ya Djurdjura kaskazini mwa Aljeria, na nyimbo za huzuni nimeziweka kando kwa makusudi. Huzuni yao inajulikana: wanaume walivuka bahari kutafuta kazi Ufaransa, mama zao wakabaki wakiwaimba. Slimane Azem, mwimbaji wao mkubwa wa uhamiaji, alifia hukohuko mwaka 1983. Anayeishia hapo atadhani watu hawa wanajua kulia tu.

Mimi nimeifuata urar, shughuli ya wanawake harusini. Kundi moja linaimba ubeti, jingine linaupokea. Mmoja anaingia kati akiwa amejifunga kitambaa kiunoni, anacheza kwa mabega na nyonga, kisha anampisha mwenzake. Wanasindikizwa na makofi na bendir. Hiyo ni jamaa ya matari yetu, ila chini ya ngozi yake zimepitishwa nyuzi, kwa hiyo kila pigo linaacha mvumo. Kinachonigusa ni kwamba hakuna aliyekuja kutazama. Bibi kizee na binti mdogo wote wana zamu. Na ubeti unapokolea, vigelegele! Hapo mtu wa pwani hahitaji mkalimani.

Nje uwanjani ni zamu ya idebbalen, wapiga zumari na ngoma kubwa. Sauti ya zumari haikatiki: mpigaji anavuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa. Nimesikiliza kwa vipokea sauti na bado miguu haikutulia. Lakini kuna jambo limeniuma. Zamani wapigaji hawa walidharauliwa, na familia zilizojiona za heshima hazikutaka kuoana nao. Waliitwa kwenye kila harusi, ukweni hawakutakiwa. Siwezi kuisikiliza furaha yao bila kuwaheshimu.

Kisha Idir, mwimbaji wa Kikabyle. Alisomea jiolojia, akageukia gitaa, na dunia ikamjua kwa wimbo wake wa simulizi za kando ya moto. Lakini albamu ileile ya mwaka 1976 ina “Zwit Rwit”, wimbo wa kucheza, na kwangu huo ndio mlango mzuri zaidi wa kuingilia Kabylia. Gitaa linaanza, ngoma inalidaka, na kabla hujajua maneno yanasema nini bega limeshajibu.

Miaka kadhaa baadaye Khaled, mwimbaji wa Aljeria wa muziki wa raï, aliichukua lahani hiyo, akaitia maneno ya Kiarabu ya mtu asiyejua akimbilie wapi, akaitoa mwaka 1988, mwaka ambao vijana wa Aljeria waliingia barabarani kuandamana mwezi Oktoba. Malalamiko yakapanda juu ya mdundo wa harusi, na mdundo haukupunguza mwendo. Leo nimezisikiliza zote mbili, moja baada ya nyingine. Ya Khaled ina nguvu, nakubali. Ila ya Idir ndiyo niliyoirudia, nikaongeza sauti mpaka majirani wakasikia, na mtoto wa mlango wa pili akaja kuuliza harusi ni ya nani.