Mtoto Ana Wenyewe

Mtaani kwetu Wete, kisiwani Pemba, palikuwa na mtoto wa miaka sita aliyekuja kila jioni barazani kwa mama yangu, akakaa kimya mpaka uji uive. Sote tulijua kwamba baba yake alihama bila ya kuacha matunzo, na kwamba mama yake hupitisha siku mbili bila ya kurudi nyumbani, lakini kila aliyeulizwa kwa nini halifikishi jambo hilo kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, alijibu kuwa mtoto ana wenyewe. Mwaka ulipita kabla mama yangu hajakwenda yeye kwa sheha.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma namna mzazi anavyoweza kuvuliwa haki zake kwa kumtelekeza mtoto. Marekani, sheria ya shirikisho ya 1997 inazitaka mamlaka za majimbo zifungue shauri hilo pale mtoto anapokuwa amekaa katika malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22 iliyopita, isipokuwa kwa sababu maalumu, kama vile kulelewa na jamaa. Kosa la mzazi lazima lithibitishwe kwa ushahidi mzito kuliko wa madai ya kawaida. Mahakama Kuu yao iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Santosky dhidi ya Kramer. Hukumu ikishatoka, mzazi huwa mtu baki mbele ya sheria.

Sisi Zanzibar tunayo kafala, yaani malezi ya Kiislamu ya mtoto asiye wako wa kumzaa, ambayo Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011 inaitambua. Mlezi humlisha mtoto, humtibu na humsomesha, wala nasaba haikatiki, kwani aya ya 5 ya Suratul Ahzab inaagiza watoto waitwe kwa baba zao. Mtoto huyo hamrithi mlezi wake, ingawa anaweza kuusiwa kisichozidi thuluthi ya mali.

Nakubaliana na njia hiyo kwa moyo wote. Kinachoniuma ni kwamba tumeichanganya nasaba na hadhana, yaani jukumu la kumlea mtoto, tukadhani kuwa damu isiyokatika inampa mzazi ruhusa ya kumwacha mwanawe na njaa, ilhali mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wamemwekea mwenye kulea masharti, na akishindwa kuyatimiza malezi huhamia kwa jamaa mwingine.

Yule mtoto sasa analelewa na dada wa bibi yake huko Mtambwe. Skuli anaitwa kwa jina la baba yake, na mama yake humtembelea baadhi ya Ijumaa. Wiki za mwanzo alikuwa akificha vipande vya muhogo chini ya mto wa kulalia.