Saa tatu njiani kwenda Tanga

Wakala wa basi alinitoza 5,000 zaidi ya nauli ya kawaida, akaniapia kwamba kiyoyozi kipo. Kufika Chalinze shati lilikuwa limenigandama mgongoni, na konda akanijibu nifungue dirisha. Bado naidai ile hela.

Tulipoipita Segera, kabla ya Muheza, kitu kikalia chini ya gari, tukasimama. Fundi akaitwa. Tukakaa pale saa tatu nzima, tukinunua machungwa kwa bei ambayo wenyeji wenyewe waliionea haya.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, shingo nene, amevaa jezi ya kijani iliyopauka. Nikamuuliza, kaka, hiyo ni ya timu gani?

"Ya raga, mgosi. Ya Sauzi. Nimekaa Durban miaka 14, bandarini, na huyu Mnyama nimemwona kwa macho yangu."

Kusikia Mnyama, abiria wawili wakageuka wakidhani ni habari za Simba. Akacheka, akasema huyu ni Tendai Mtawarira, mtoto wa Harare, Beast wanavyomwita tangu utotoni. Klabu yake ilikuwa Sharks, palepale Durban. Akigusa mpira uwanja mzima unavuta sauti, "Biiiist!", na ukiwa mgeni utadhani wanamzomea.

Nilikuwa sijui lolote kuhusu raga. Akanishusha barabarani, akamwita na konda, akatupanga. Watu 8 wanashikana na kuinama, wanapachika vichwa na wenzao 8 wa upande wa pili, wanasukumana kugombea mpira; hiyo ndiyo skramu. Wa mbele ni watatu. Wawili wa pembeni ndio mapropu, na Mnyama alikuwa wa kushoto, yule ambaye upande mmoja wa kichwa chake uko nje. Kumbe aliingia Sharks akiwa mchezaji wa nyuma kabisa kati ya hao 8, mwenye kukimbia na mpira, wakamhamishia mbele, akajifunza kazi upya.

"Mikono haisukumi," akasema. "Mgongo na miguu." Akaingiza bega chini ya kifua changu, akanyoosha mgongo, na visigino vyangu vikaacha lami. Hivyo ndivyo Mnyama alivyomfanya Phil Vickery wa Uingereza pale Durban, Juni 2009, katika mechi ya kwanza dhidi ya Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ayalandi. Vickery alikuwa amebeba Kombe la Dunia 2003, lakini siku hiyo alizidiwa kwenye skramu mpaka akatolewa. Afrika Kusini wakashinda 26 kwa 21.

Kilichonikaa moyoni ni mwaka ambao Mnyama alianza. Aliivaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza Juni 2008, dhidi ya Wales. Mei ya mwaka huohuo, huko huko Sauzi, wageni walikuwa wakifukuzwa majumbani, wakipigwa, wakichomwa moto. Waliouawa walizidi 60, na Wazimbabwe walikuwa miongoni mwa waliowindwa. Wiki chache baadaye Mzimbabwe anaimbiwa wimbo wa taifa, na watu wanampigia makofi.

"Hata yeye walimuuliza makaratasi," kaka akasema, sauti imeshuka. Ni kweli: 2010 likazuka suala kwamba anachezea nchi isiyo yake, mpaka akapewa uraia mwaka huo. Akaichezea timu ya taifa mechi 117. Moyo ulimsumbua kwa kwenda mbio, akatibiwa, akarudi kusukuma. Ya mwisho ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia, Yokohama, Novemba 2, 2019, Uingereza 12, wao 32. Akaiaga timu ya taifa akiwa na miaka 34.

Nikamwambia kwamba kaka yangu mkubwa aliondoka Tabora kwenda Sauzi mwaka 2007. Mara ya mwisho alipiga simu Aprili 2008. Mama hadi leo hapendi kuhama ile nyumba, anasema akirudi atagonga mlango gani. Yule bwana akauliza jina, akalirudia taratibu, akatikisa kichwa. Kisha akaniandikia namba ya mtu mmoja wa Durban ambaye anawafahamu Watanzania wengi wa pale bandarini.

Siku mbili za Tanga zimepita bila mimi kuona mapango ya Amboni wala pengine popote. Waja leo waondoka leo, wanasema wenyewe, na mimi nilikaa Raskazone nikiitazama bahari na simu mkononi, chumba ghali, feni inayokwaruza. Nilipiga asubuhi, ikaita mpaka ikakatika. Jioni vivyo hivyo.

Tangu nirudi Dar nimepiga mara nne. Inaita. Mama sijamwambia.