Siku moja na nguo za watu: maisha ya admini

Saa 12 asubuhi. Sijanawa hata uso nishashika simu, najua ni tabia mbaya ila siku ya kubadilishana nguo meseji zinaanza kuingia usiku wa manane. Leo 47. Nyingi ni picha za nguo, halafu wapo wa "admini nguo za ndani zinaruhusiwa?" (haziruhusiwi, tumepini juu kabisa ya grupu tangu siku ya kwanza), na wale wa kusalimiana tu.

Saa 1 na nusu. Napitia picha, na kusema kweli hapa kazi yangu ni kukataa. Kuna mtu katuma shati jeupe, kapiga usiku chini ya taa ya njano, kalikunja vizuri kabisa, mikono kaificha kwa nyuma. Ukiona mikono imefichwa jua kuna jambo. Nikamwomba picha ya makwapa, akanyamaza dakika 20 nzima, ikaja: jasho limeganda mpaka kitambaa kinasimama chenyewe kama karatasi. Nikamjibu kwa upole kwamba hili bado, ndugu. Doa sio dhambi, tuonyeshe tu doa lenyewe, mwenye kutaka atachukua akijua anachukua nini.

Saa 3. Vipimo. Sisi S, M na L tulishaacha, maana kila kiwanda kinakata kivyake. Leo nimelaza suruali mbili juu ya meza, zote lebo inasema M, nikapandanisha viuno na kimoja kimezidi sentimita 6, na hapo zimelala bapa, ukizungusha ni 12! Ndo maana fomu yetu ya mtandaoni inadai kwapa hadi kwapa, kiuno, urefu na mshono wa ndani wa mguu, usipojaza haikupeleki mbele. Watu walilalamika sana mwanzoni, eti tunawasumbua, lakini tangu tuanze zile nguo zilizokuwa zinarudi kila mara kwa sababu "hainiingii" zimepungua mno.

Saa 5. Balaa. Nilitaka kupanga majina kwa alfabeti kwenye spredishiti, nikachagua safu ya majina peke yake, zile pointi mtu anazopata kwa kuleta nguo zikabaki palepale, kwa hiyo ghafla mtu asiyewahi kuleta hata soksi ana pointi 14 na dada anayeleta kila mara ana sifuri. Jasho lilinitoka. Asante Mungu kuna historia ya matoleo, nikarudi kwenye la saa 4 na sikumwambia mtu, nawaambia nyie.

Saa 8 mchana. Mlango unafunguliwa. Kila nguo ina kikaratasi cha QR kwenye henga, unaskani, pointi inakatwa, unaondoka. Asiye na simu janja tunamwandikia kwenye daftari, na foleni ya daftari huwa inaenda haraka kuliko ya simu, sitaki maswali. Nguo za watoto zinaisha ndani ya nusu saa kila mara, watoto wanakua, nguo inabaki mpya.

Saa 11 jioni. Zimebaki 31, na hapa ndo pananiuma. Nasoma lebo moja moja. Pamba tupu naweka pembeni, zikishindikana kabisa zitakuwa matambara ya kusafishia. Ila hizi za pamba 60 polista 40, nyuzi zimesokotwa pamoja, kuzitenganisha ni kazi ngumu na ghali. Watu wanadhani kuna mashine mahali fulani inageuza nguo kuukuu kuwa mpya, wakati duniani inakadiriwa haifiki hata asilimia 1 ya nguo inayorudi kuwa nguo. Na fulana moja ya pamba inakadiriwa kumeza maji lita 2,700 mpaka ikamilike, halafu mtu anaitupa kwa katundu kadogo kwapani. 9 nimezipeleka kwa wanaojua kushona, zile za zipu na vifungo tu, zilizobaki zinasubiri mwezi ujao.

Saa 3 usiku. Nimenyoosha miguu, simu inalia. Yule wa shati jeupe. Kakata mikono yote miwili pamoja na makwapa yake, kapinda vizuri, limekuwa kizibao, na safari hii kapiga picha mchana dirishani. "Admini, hili je?"

Nimemwambia tuma vipimo.