Vichwa vya Maandishi Masikioni mwa Mwalimu.

Masika ya mwaka 2014 nilikuwa Tanga, nikiishi katika chumba cha kupanga jirani na mwalimu mstaafu wa historia ambaye hakuwa akiona tangu utotoni. Wakati huo nilikuwa na mazoea ya kuandika insha fupi kuhusu maisha yangu na kuwatumia ndugu na marafiki kwa barua pepe, na kwa makusudi niliziandika kama maandishi matupu, yaani faili lisilo na fonti, herufi nzito, rangi wala picha. Bando lilikuwa ghali, simu za baadhi ya ndugu zangu zilikuwa za zamani, na faili la aina hiyo hufunguka popote bila kudai programu maalumu. Kilichonisumbua ni vichwa. Katika kitabu, kichwa hujitenga na matini kwa ukubwa na unene wa herufi. Ukiviondoa vyote viwili unabakiwa na herufi zilezile za kimo kilekile, na inakubidi utafute njia nyingine ya kumjulisha msomaji kwamba hapa linaanza jambo jipya.

Nilichukua insha moja niliyoiita "Siku ya mvua", nikaiandika upya mara kadhaa, kila nakala na mtindo wake wa vichwa, kisha jioni moja nikaenda nayo kwa Mwalimu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha mahali pa kukaa barazani na kuchomoa visikizio kwenye kompyuta mpakato yake ili nami nisikie. Alitumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Sauti iliyomo, ya eSpeak, inasoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya bati. Majina ya alama yalikuja kwa Kiingereza, na Mwalimu, asiyependa kuchanganyiwa lugha, alikuwa ameyabadilisha mengi kwa mkono wake katika orodha ya matamshi.

Nakala ya kwanza ilikuwa na kichwa kilichopigiwa mstari kwa alama za sawasawa (=). Mtindo huu ni mkongwe katika maandishi matupu. Ian Feldman aliuingiza katika Setext, utaratibu wake wa kupanga maandishi matupu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na jarida la kompyuta la TidBITS likaanza kuutumia mwaka 1992. Mimi niliupenda kwa sababu jicho huuona papo hapo. Mstari wangu ulikuwa na alama sitini, na programu, ambayo huhesabu alama zinazojirudia badala ya kuzitaja moja moja, ikatamka: "Siku ya mvua. Sitini sawasawa." Mwalimu akacheka, akairudisha, akaisikiliza tena.

"Sitini sawasawa na nini, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba ni pambo. Akaniuliza kama huko kwenye simu za ndugu zangu pambo hilo hufika salama, nami nikafungua faili lilelile kwenye simu yangu. Skrini ile nyembamba ilikuwa imeukata mstari, kipande kirefu juu na mkia wa alama chache chini, kana kwamba kichwa kimevaa mkanda uliozidi. Ukijaribu kuufupisha ili ulingane na kichwa chenyewe, herufi na nafasi kumi na mbili kwa alama kumi na mbili, utafanikiwa tu pale ambapo kila herufi ina upana sawa, kama kwenye taipureta. Kwenye simu nyingi herufi "m" hula nafasi kubwa na "i" hula kidogo, kwa hiyo hesabu hulingana lakini urefu haulingani. Mazoea yetu ya mistari mirefu yanatokana na zana za zamani: kadi za matundu za IBM za mwaka 1928, zilizotumika kuingiza taarifa katika mashine, zilikuwa na safu 80, skrini za kompyuta zikairithi namba hiyo, na nyaraka za viwango vya intaneti zikajiwekea kikomo cha herufi 72 kwa mstari. Simu haikuhusika katika makubaliano hayo.

Nakala zilizofuata zilipita haraka. Kichwa cha herufi kubwa zilizoachanishwa, ambacho mimi nilikiona cha heshima, kilisomwa herufi moja moja hadi neno likapotea. Kile cha herufi kubwa mno zilizojengwa kwa vistari na mikwaju, kama zile zinazotengenezwa na programu ya FIGlet, kilitoa mlolongo wa kelele ambao Mwalimu aliukatisha kwa kitufe kabla haujafika nusu. Kichwa kilichosogezwa katikati ya mstari kilisomwa vizuri kabisa, ila Mwalimu hakujua kwamba kimesogezwa. Nilisikitika kidogo kwa hicho, maana shangazi yangu, aliyekuwa karani mpiga chapa, ndiye aliyenifundisha kukipima: unaanzia katikati ya karatasi, unarudi nyuma hatua moja kwa kila herufi mbili za kichwa, halafu ndipo unapiga.

Hapo Mwalimu alisimama, akaingia ndani, akatoka na karatasi nene za nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, alizoziandaa zamani kwa ajili ya wanafunzi wake. Alikuwa amezipiga kwa mashine ya Perkins, ile yenye vitufe sita vya nukta, ambayo kwa kawaida huingiza seli 42, yaani nafasi 42 za herufi, katika mstari. Akakishika kidole changu cha shahada na kukipitisha juu ya ukurasa. Nukta nundu hazina herufi kubwa kwa kimo wala wino mzito. Kila seli ina ukubwa uleule, kwa hiyo tatizo nililodhani ni langu na kompyuta lilikuwa limekwisha kushughulikiwa na wasioona kwa vizazi kadhaa. Kanuni za Amerika Kaskazini, kwa mfano, zinataka kichwa kikuu kiwe katikati na kiachiwe mstari mtupu juu na chini, na kichwa cha ngazi inayofuata kianzie seli ya tano. Kidole kinaposhuka na kukuta utupu, kinajua kimefika mpakani. Nilipapasa nafasi ile mara kadhaa, kwa kweli zaidi kuliko nilivyohitaji.

Tukajaribu utupu. Niliweka mistari miwili mitupu juu ya kila kichwa na mmoja chini yake. Mwalimu aliposhuka mstari kwa mstari kwa kitufe cha mshale, programu ilimtajia kila mstari usio na kitu, na akaniambia kwamba taarifa mbili zikifuatana zinatosha kumtayarisha. Nafasi za kusogeza kichwa kidogo ndani tuliziacha, kwa kuwa mipangilio yake haikuzitaja na kwenye simu zilionekana kama kosa la uchapaji.

Lakini utupu haumsaidii mtu anayetaka kuruka. Katika kurasa za intaneti Mwalimu alikuwa akibonyeza herufi H na kufikishwa kwenye kichwa kinachofuata. Katika faili tupu kitufe hicho hakina kazi, kwa maana programu haijui kichwa ni kipi. Alitaka alama moja isiyotokea mahali pengine popote katika insha, ili aitafute na kusonga nayo. Nilipendekeza alama ya ibara, §, kwa uzuri wake tu. Haimo katika herufi 95 za msingi za ASCII, orodha ya zamani ya herufi ambayo karibu kila kompyuta inaielewa, na faili likifunguliwa kwa usimbaji usio wake, yaani kwa orodha tofauti ya herufi, huota kiambatisho na kuwa Â§, jambo ambalo nilikuwa nimeliona katika simu ya binamu yangu. Tukabaki na reli, #, ambayo iko kwenye simu yoyote hata ya vitufe, na ambayo kila mtu aliyewahi kutuma pesa kwa simu ameibonyeza. Wapo waliotutangulia: Aaron Swartz aliitumia kwa vichwa katika atx, utaratibu wake wa maandishi matupu, mwaka 2002, na John Gruber akaiingiza katika Markdown, utaratibu mwingine wa aina hiyo, mwaka 2004. Reli moja kwa kichwa cha insha, mbili kwa vichwa vya ndani, na hakuna ngazi ya tatu. Insha fupi inayohitaji ngazi ya tatu, nilisema na bado nasema, haijapangwa.

Tarehe nayo ilikuwa na lake. Mimi niliiandika 2014-04-12, kwa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ambacho huyafanya mafaili yajipange yenyewe kwa mpangilio wa wakati. Sauti ya bati ilisoma namba na vistari kama mtu anayetaja namba ya akaunti. Tulikubaliana tarehe hiyo ibaki katika jina la faili, na chini ya kichwa iandikwe kwa maneno, Jumamosi, 12 Aprili 2014.

Jambo la mwisho ndilo lililotugombanisha. Mwalimu alitaka kila kichwa kiishie na nukta, kwa sababu aliposikiliza mfululizo, kichwa kisicho na nukta kiliungana na sentensi ya kwanza, na "Siku ya mvua" ikawa "Siku ya mvua maji yaliingia hadi jikoni". Nilimpinga kwa nguvu. Nilisema hakuna gazeti wala kitabu cha siku hizi kinachotia nukta kwenye kichwa, na kwamba wasomaji wangu wanaoona watadhani sijui kuandika. Akanijibu, kwa ule utulivu wa mwalimu wa historia, kwamba magazeti ya karne ya 19 yalitia nukta hata kwenye majina yao, na kwamba New York Times halikuiondoa yake mpaka mwaka 1967. Nilikwenda kuhakikisha baadaye, nikakuta ni kweli.

Insha iliyofuata niliituma kwa mtindo ule mpya. Dada yangu aliuliza reli ni za nini, nikamweleza. Kuhusu nukta hakuna aliyesema neno. Vichwa vyangu vimeendelea kuwa nazo mpaka leo, isipokuwa vile vinavyouliza swali.