Karatasi za Melba Liston

Tabora, Jumapili jioni

Leo baada ya ibada nilibaki peke yangu katika chumba tunamotunzia ala, nikachomoa bomba la tromboni yangu, ala ya kupuliza ambayo noti zake hubadilishwa kwa kuvuta na kurudisha bomba hilo, nikalifuta kwa kitambaa, kisha nikalipaka matone machache ya mafuta ya cherehani, ambayo ndiyo tuliyozoea kuyatumia hapa kwetu. Bomba hilo lina kibonyeo karibu na ncha tangu siku lilipoanguka ngazini, na ingawa fundi wa rejeta alijitahidi kulinyoosha, bado linakwaruza kila mkono unapofika hapo. Wakati wote huo simu ilikuwa juu ya meza ikicheza muziki wa Melba Liston, Mmarekani aliyekuwa mpiga tromboni na mpangaji wa muziki, na nimerudi nyumbani nikiwa nimeamua kwamba leo nitaandika juu yake.

Hapa Tabora neno jazi lina maana yake ya zamani. Ukilitamka mbele ya wazee wetu, watakutajia Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, yaani muziki wa dansi, wa magita yanayojibizana na sauti za waimbaji. Mimi niliifahamu tromboni kanisani, katika kundi la matarumbeta, na nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba Marekani kulikuwa na mwanamke aliyeipiga ala hiyohiyo katika bendi kubwa za jazi, akiwa peke yake katikati ya safu ya wanaume.

Melba alizaliwa Kansas City, Missouri, mwaka 1926, akapata tromboni yake ya kwanza akiwa na miaka 7, na mwaka mmoja baadaye alikwisha kupiga peke yake redioni. Aliyewahi kuishika ala hii ataelewa kwa nini jambo hilo linanishangaza. Tromboni haina vitufe vya kubonyeza. Bomba lake huvutwa hadi nafasi saba tu ambazo hazikuwekewa alama yoyote, na ni mkono na sikio vinavyopaswa kukumbuka kila noti inakaa wapi. Nafasi ya saba iko mbali kiasi kwamba hata mtu mzima hunyoosha mkono wote.

Familia yake ilihamia Los Angeles mwaka 1937, na kufikia mwaka 1943 alikuwa katika bendi ya Gerald Wilson, ambako alianza pia kuandika mipangilio ya muziki, yaani kuamua kila ala ipige nini, wapi na kwa sauti gani. Alirekodi na mpiga saksofoni Dexter Gordon mwaka 1947, kisha akaingia bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie. Mwaka 1949 alisafiri na mwimbaji Billie Holiday katika majimbo ya kusini mwa Marekani, katika ziara iliyokwenda vibaya hadi ikavunjika, na baada ya hapo akaiweka tromboni chini. Kwa miaka kadhaa mpigaji wa kiwango kile alifanya kazi ya ofisini katika idara ya elimu ya Los Angeles.

Sehemu hii ya maisha yake ndiyo ninayoirudia mara kwa mara. Mimi pia nilinyamaza, miaka minne, baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, kwa sababu mzee mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba mke wa mtu hapaswi kusimama akipuliza bomba huku amevimbisha mashavu. Sikumjibu. Tromboni ikakaa uvunguni mwa kitanda, na nilipoitoa, midomo yangu haikuweza kushika noti moja ndefu hata kwa pumzi mbili. Nililia siku ile, na sioni aibu kuliandika jambo hilo.

Melba alirudi kwa sababu Dizzy alimwita. Mwaka 1956 alisafiri na bendi yake katika ziara zilizogharimiwa na serikali ya Marekani, Mashariki ya Kati na Amerika ya Kusini. Baadaye alisimulia kwamba wanaume wa bendi hiyo walinung'unika kuona mwanamke ameitwa kutoka mbali kiasi hicho kuja kupiga tromboni, hadi alipogawa karatasi zake za mipangilio na wao wakajaribu kuzipiga, manung'uniko yakaisha. Mwaka 1958 alirekodi albamu yake, ambayo ni ya pekee aliyoiongoza kwa jina lake mwenyewe. Kazi yake kubwa iliyobaki imo ndani ya albamu za watu wengine, na kwangu mimi hilo halimpunguzii kitu, ingawa linaniuma kwamba wengi husikia kazi ya mkono wake bila kulijua jina lake.

Kati ya watu hao, aliyedumu naye zaidi ni mpiga piano Randy Weston. Novemba 1960 walirekodi New York albamu inayoitwa Uhuru Afrika, Weston akiwa mtunzi na Melba mpangaji wa muziki wote, kwa bendi kubwa na ngoma nyingi. Nilipoisikiliza kwa mara ya kwanza ilikuwa usiku, taa zimezimwa, na sauti iliyoanza kusema pale mwanzoni ilikuwa inasema Kiswahili! Nilikaa kitandani wima. Maneno yalikuwa ya mshairi Langston Hughes, na msemaji alikuwa Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, mwaka mzima na zaidi kabla bendera yetu haijapandishwa. Sehemu moja inaitwa Uhuru Kwanza, nyingine Kucheza Blues. Utawala wa makaburu wa Afrika Kusini uliipiga marufuku albamu hiyo mwaka 1964.

Kuanzia mwaka 1973 hadi 1979 Melba alifundisha Jamaika. Mwaka 1985 alipata kiharusi kilichompooza upande mmoja, akaacha kupiga, lakini akaendelea kupanga muziki kwa kompyuta, akafanya tena kazi na Weston, hadi alipofariki mwaka 1999 akiwa na miaka 73.

Nami usiku huu nina karatasi zangu mezani. Nyimbo zetu zimeandikwa kwa solfa, yaani do, re, mi, na mimi huzigeuza kuwa noti kwa ajili ya tromboni. Kuna binti wa miaka 10 kutoka Isevya ambaye ameanza nasi mwezi huu. Leo, baada ya kuniamkia, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ile sol ya chini mkono wangu haufiki." Ni kweli. Wimbo uko katika ufunguo wa F, na sol hiyo iko nafasi ya sita. Nimeifuta kila mahali ilipotokea, mara kumi na moja, nikaipandisha oktavo moja, yaani hadi sol ya juu inayofuata, ili iangukie nafasi ya tatu, kisha ile ya chini nikaihamishia kwenye karatasi yangu. Jumatano tutaijaribu.